Kifungu cha Tisa

Swabir Boga hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuitikiwa. Pale Mwabungo hilo lilijulikana hata na watoto. Kwa dadake wa tumbo moja, mlango ukiwa wazi na wali wa nazi ukinukia mpaka njiani, atasimama kizingitini apige hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipoitikiwa, hugeuza viatu vyake akaenda zake. Kesho yake dadake humlaumu: "Wewe Swabir, nilikuwa uani nakuna nazi. Mbona hukuingia?" Naye humjibu kwamba hodi ni tatu, ya nne ni ujuvi. Watu walimcheka, na papo hapo walimheshimu. Mtu kama huyo unaweza kumwachia ufunguo wa nyumba ukasafiri mwezi mzima.

Na ufunguo ndio aliopewa. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa fundi mkuu wa Mradi wa Maji wa Kirindini, mradi mdogo unaovipa maji vijiji kadhaa na baadhi ya nyumba za kitajiri za upande wa Diani. Bomba likipasuka aliitwa yeye, valvu ikigoma aliitwa yeye. Stoo yake ya mabati, kando ya barabara ya Lunga Lunga, ilipangwa kama kabati la bibi harusi: klampu za kuzibia mabomba huku, mipira kule, misumeno imetundikwa kwa ukubwa wake. Ukichukua spana bila kumwambia, atajua kabla hujafika mlangoni.

Rafiki yake, Kahindi Mwinga, hakuwa na mpangilio wowote. Alikuwa fundi wa Mradi wa Maji wa Chidzangoni, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ukishapita Msambweni ukaishika njia ya udongo kuelekea vilimani. Kijiji kiko ng'ambo ya mto. Maji yake yanatoka ng'ambo ya huku, na bomba huvuka mto likiwa limefungwa kwenye daraja la watu wa miguu. Kahindi alilitunza bomba lile kwa waya, kamba na maombi, maana alikuwa Mkristo wa kumwomba Mungu hata valvu ifunguke. Urafiki wao ulianza mwaka wa ukame mkubwa, pampu ya Kirindini ilipoungua na mota mpya ikawa bado iko Mombasa.

Siku ya pili ya shida ile, pikipiki iliingia uani kwa Swabir bila hodi. Nyuma yake alikuwa mtu mwembamba aliyepakata mota iliyofungwa kwa gunia.

"Nimesikia mna kiu," Kahindi alisema. "Sisi tunayo hii ya akiba. Itumieni, yenu ikija mtanirudishia."

"Lakini hatukukuomba," Swabir alisema, kama mtu aliyekosewa.

Kahindi alicheka mpaka akamwegemea mwenye pikipiki. "Ndugu yangu, harusi ndiyo ina kadi. Msiba una kadi?"

Neno lile lilimwingia Swabir. Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipong'oa bomba la mradi mmoja huko karibu na mpaka, alipakia vyombo kwenye pikapu akaenda bila kuitwa, na huko akakiona cha mtema kuni. Mwenyekiti wa mradi ule alimpokea mbele ya foleni ya wanawake na madumu yao. "Nani aliyekuiteni? Mmekitamani kisima chetu, sivyo? Geuzeni gari lenu!" Swabir, ambaye hata kwa dadake haingii bila kuitikiwa, alifukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Na aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Miezi michache baadaye miradi saba ya maji, kutoka Diani mpaka upande wa Mackinnon Road, iliitwa mkutanoni katika hoteli moja ya Diani. Nia ilikuwa njema: balaa likimfika mmoja, wenzake wamfae. Kila mradi utoe kitu, na vitu vyote vikae mahali pamoja: pampu ya dizeli ya kukokotwa na gari, mabomba, klampu, ndoo za dawa ya maji. Kahindi alifika na matope viatuni, akatangaza kwamba Chidzangoni watatoa klampu zao nne kubwa, nazo ndizo pekee walizokuwa nazo za saizi ile. Wakati wa chai alifunga sambusa tatu ndani ya leso, za kumpelekea bintiye Jumwa. Stoo ikaamuliwa iwe ya Swabir, kwa sababu iko karibu na lami na kwa sababu hakuna asiyemwamini Swabir.

Basi Swabir akainua mkono. Alisema liko jambo moja limesahaulika. Msaada usitoke stoo mpaka mwenye shida aandike barua ya maombi, itiwe saini na muhuri. "Tusije tukaingiliana majumbani," alisema. "Adabu ni mbele." Wakubwa wa meza ya mbele walifurahi, kwa kuwa wakubwa hupenda muhuri, na maneno yake yakaandikwa kuwa kifungu cha tisa.

"Swabir," Kahindi alimnong'oneza, "sasa unaweka kadi mlangoni mwa msiba."

"Bila kadi watu hutukanwa."

Kahindi akajua ni kidonda gani kinachosema. Akatia saini yake kubwa iliyolala upande. Laiti angebisha! Lakini alimpenda mwenzake, na ni vigumu kubishana na mtu unayemwona ameumia.

Novemba ya mwaka uo huo zikaja zile mvua za El Niño. Jumamosi asubuhi Shutu, muuza mihogo wa Chidzangoni, aliteremka kwenye pikipiki mbele ya stoo, amevaa nguo za kuazima.

"Daraja la miguu limekwenda, na bomba lake," Shutu alisema. "Vyoo vimefurika. Mimi nimevushwa kwa kamba, nimekalia mpira wa tairi la lori. Watu wanachota mtoni, Swabir, na maji yenyewe ni matope matupu."

"Na barabara?"

"Barabara ni nzima. Si unaniona nimefika?"

"Kahindi hakukupa barua?"

Shutu alimtazama asielewe. "Barua ya nini? Kahindi yumo majini mpaka kiunoni, anafunga bomba kwa mipira ya baiskeli. Klampu hana."

Klampu zilikuwa hatua sita kutoka pale waliposimama, juu ya rafu, zimepakwa grisi. Shutu akaondoka kwenda Mombasa kwa dadake, na Swabir akabaki mlangoni, ameshika ufunguo.

Meneja wake wa wakati ule aliitwa Lewis, mtu wa bara ambaye hakuwa amemaliza mwaka pwani. Alitoka ofisini mbio. "Mzee, twende tu! Hiyo barua si tutaichukua huko huko?"

"Meneja, kuna kifungu cha tisa."

"Kifungu kinaeza ngoja, mzee. Watu wanakunywa mto."

"Huku si bara," Swabir alisema. "Huku mtu haingii kwa mtu mpaka aitikiwe."

Lewis, maskini, aliamini kwamba hiyo ndiyo mila ya pwani. Hakutaka kuonekana mgeni asiye na adabu, akarudi ofisini. Yeyote aliyezaliwa kati ya Likoni na Vanga angemwambia kwamba huo ni uongo, kwamba msiba hujiendea, kwamba hata hasimu wako akifiwa unakwenda ukakaa mkekani kwake bila kuuliza. Lakini waliozaliwa huko siku ile walikuwa wakikinga maji ya mvua kwenye paa zao wenyewe.

Usidhani kwamba Swabir alilala. Alipiga simu ya Kahindi, akaambiwa mteja hapatikani kwa sasa, kwa kuwa mnara wa huko ulikuwa umezimika. Alifunga pampu nyuma ya pikapu, akajaza dizeli, akapakia mabomba, klampu na ndoo za dawa. Alifua overoli yake akaipiga pasi. Aliandika hata barua yenyewe kwa niaba ya Kahindi, kwa mwandiko wake mzuri wa madrasa, "Sisi wa Chidzangoni tunaomba msaada," akaacha mahali pa saini na muhuri. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo barabarani alidhani inaleta mtu wa kutia saini. Jumapili ikapita. Jumatatu Lewis akamwuliza tena.

"Hodi ni tatu," Swabir alisema. "Nimepiga simu zaidi ya mara tatu. Haiitikiwi."

"Lakini mzee, kama nyumba inaungua?"

Swabir alikwenda kukaza kamba za mizigo. Alikuwa akimwona yule mwenyekiti wa mpakani na foleni ya wanawake wanaomtazama akigeuza gari. Hiyo ndiyo kweli yake, wala si kifungu. Aliogopa kuaibishwa mara ya pili, na woga wake akauvisha kanzu ya adabu.

Jumatano mto ulipungua, na mwenye pikipiki wa Chidzangoni akaleta habari. Kahindi alikuwa amefariki jana yake alasiri, kwa kuhara na kutapika. Siku nne alikuwa ndani ya maji yale akifunga bomba kwa mpira, linafumuka, anafunga tena, na kiu ikimbana alikunywa alichokuwa nacho. Ajuza mmoja na mumewe walikuwa wamemtangulia kwa maradhi yayo hayo. Fundi wa maji akafa kwa maji machafu, na dawa ya kuyasafisha ilikuwa juu ya gari, Kirindini, imefungwa vizuri kwa kamba.

Swabir alisema innalillahi, akaketi chini kwenye tope na overoli yake iliyopigwa pasi. Alilia kwa sauti, mbele ya watu, yeye ambaye hata kupiga chafya aligeukia ukutani. Kisha akainuka akafungua mlango wa gari.

"Barua imefika?" Lewis aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya.

"Twende," Swabir alisema.

Walitumia saa moja na dakika ishirini. Hapakuwa na mti ulioanguka wala shimo. Kwenye kalvati la Mkoroshoni, mahali pekee ambapo maji yangeweza kukata njia, kijito kilikuwa kikipita chini taratibu, na kwenye ukuta wake hapakuwa hata na alama ya tope. Dawa na mabomba vilivushwa kwa kamba ile ile iliyomvusha Shutu. Kabla ya magharibi pampu ilikuwa inasukuma maji safi mpaka ng'ambo, na hakuna aliyeuliza nani aliyewaita. Watu waliwapa mikono, wakawashukuru, wengine wakawaombea dua na sala. Kila shukrani ilimchoma.

Dama, mjane wa Kahindi, alimpokea chini ya turubai la msiba. Swabir alisimama mbali akapiga hodi, kwa mazoea.

"Karibu, ndugu wa marehemu," Dama alisema. "Wewe tena unapiga hodi hapa? Nilimwambia aandike hiyo barua yenu, nimpe mtu avuke nayo kwa kamba. Akakataa. Akasema, 'Swabir hahitaji kuandikiwa. Akisikia tu, atakuja.' Kila tukisikia gari ng'ambo anasema, 'Ndio hao.' Jana asubuhi, sauti ikiwa imekwisha, akasema basi njia imekatika, usimlaumu." Alijifuta uso kwa leso. "Wala hatukulaumu. Tulijua maji yamekuzuieni."

Swabir angeweza kukaa kimya. Uongo ule hakuuleta yeye, aliukuta umekwisha kuandaliwa na marehemu mwenyewe, tena kwa mapenzi. Lakini hakuweza kuumeza.

"Mama Jumwa, njia ilikuwa nzima. Nilipata habari Jumamosi. Nilikuwa nasubiri barua."

Dama aliikunja leso yake, akaikunja tena. Hakupiga kelele, na Swabir alitamani apige. Mwishowe alisema kwa sauti ya chini, "Hilo liishie hapa. Yule mtoto wangu baba yake amemfia, na kitu alichobaki nacho ni kwamba baba yake alikuwa na rafiki. Usimwondolee na hicho."

Jumwa alikuja wakati uo huo, msichana wa miaka ishirini aliyevimba macho. Aliinama. "Shikamoo, baba Swabir."

"Marahaba, mwanangu."

"Njia ilikatikia wapi?"

Swabir alimtazama Dama, na Dama akatazama chini.

"Mkoroshoni," Swabir alisema. "Maji yalifunika kalvati."

Ndivyo alivyopata mtoto asiyemstahili. Tangu siku ile Jumwa alimwita baba. Alisomea kazi ya maji, akarudi kushika nafasi ya babake Chidzangoni, na kila akikwama alimpigia simu: shikamoo baba, valvu hii nifungue upande gani, shikamoo baba, Ramadhani njema. Sikukuu alimletea mahindi mabichi. Maimuna, mkewe Swabir, alishangaa mbona mumewe hawezi kuyala mahindi yale. Swabir alisema ni meno. Na kila alipopita Mkoroshoni alikitazama kile kijito chembamba kilichobebeshwa dhambi isiyo yake.

Mwaka huu miradi saba ilikutana tena, hoteli ile ile, kuufanya mkataba upya. Lewis alikuwa ameshahamishiwa bara. Mwenyekiti alikuwa Bi Kahaso, mama wa upande wa Mackinnon Road asiyependa maneno mengi, na katibu aliyekaa kando yake na kalamu alikuwa Jumwa. Walisoma kifungu kimoja kimoja. Walipofika cha tisa, mtu mmoja alipendekeza kiongezwe nguvu, barua iwe na saini mbili badala ya moja. Vichwa vikatikiswa kukubali.

Swabir aliinua mkono. Alisema kifungu kile kifutwe chote.

"Mzee Swabir, si ni wewe uliyekileta?" Bi Kahaso aliuliza. "Kimekaa miaka miwili. Kimemdhuru nani?"

Ombi la mjane lilikuwa upande mmoja, na upande wa pili mvua zilizokuwa zimeshatangazwa, na miradi saba yenye mafundi wanaofunga mabomba kwa mipira ya baiskeli. Alijaribu njia ya katikati. Alisema ni urasimu tu, kwamba kwetu msiba hauna kadi.

"Hiyo ni methali, mzee," Bi Kahaso alisema. "Mimi nataka sababu. Kama hakijamdhuru mtu, tunaendelea."

Jumwa alikuwa amekwisha kuiweka kalamu kwenye karatasi kuandika kwamba wameendelea. Aliinua macho akamtabasamia Swabir, tabasamu la kumpoza mzee aliyeshindwa hoja.

Swabir alitia mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Aliitandika mezani. Sisi wa Chidzangoni tunaomba msaada. Chini yake pengo la saini, na pengo la muhuri.

"Kimemuua Kahindi Mwinga," alisema. "Mimi nilikaa na pampu nyuma ya gari siku nne nikisubiri atie saini hapa."

Jumwa aliisoma karatasi. Alisoma tarehe iliyoandikwa juu yake, akaisoma tena.

"Na Mkoroshoni?" aliuliza.

"Maji hayakufika."

"Mama anajua?"

"Alinikataza kukwambia. Usimlaumu mamako. Nilaumu mimi."

Bi Kahaso hakupigisha kura. Alisema kwa upole, "Katibu, futa." Jumwa akachukua rula, akapiga mstari juu ya kifungu cha tisa, taratibu, mstari ulionyooka vizuri, kama Swabir mwenyewe alivyomfundisha kuchora ramani za mabomba. Halafu wakaendelea na kifungu cha kumi.

Mkutano ulipokwisha Swabir alitangulia nje, akasimama kando ya mlango pale wanapopita watu wote. Walipita wa Diani, wakapita wa Mackinnon Road, wakamuaga kila mmoja kwa namna yake. Jumwa alitoka wa mwisho na faili kifuani. Swabir alijiweka sawa, na marahaba yake ikiwa tayari mdomoni. Jumwa alipita mbele yake akateremka ngazi, akapanda tuktuk, akaondoka.